Ngozi za Ng'ombe wa Gendabi

Ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu ya Ludovika wakati anakata mikia ya vitunguu saumu uani. Akausoma, akaiweka simu juu ya gunia, akaendelea kukata. Kaka yake Evarist alikuwa pembeni anashona magunia, akaona kisu kimeanza kwenda ovyo, kinakata mpaka kitunguu chenyewe.

"Nini?" akauliza.

"Ada imepanda."

Ludovika alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa famasia kwenye chuo kimoja cha binafsi, huko mbali. Mkopo wa serikali ulilipa kipande. Kipande kingine walikilipa wao, kwa vitunguu saumu na kwa dume moja lililouzwa mnadani. Sasa kipande chao ndicho kilichonenepa. Nusu yake ilitakiwa iwe imelipwa kabla ya kusajiliwa, na usajili unafungwa mwisho wa mwezi. Asiyesajiliwa hana mwaka wa pili. Basi, hakuna maelezo mengine.

Evarist alitukana kidogo, kwa sauti ya chini, maana mama yao alikuwa jikoni. Yeye shule aliiacha kidato cha pili. Hakufukuzwa na hakukosa hela, alichoka kukaa. Kukaa kwenye dawati kuanzia asubuhi mpaka mchana, unaangalia mgongo wa mtu, kulimuuma kama kidonda. Sasa alikuwa anaendesha bodaboda ya tajiri mmoja pale Dongobesh, anapeleka hesabu, hela ya tajiri ya siku, kila jioni, na kitu pekee alichokitaka duniani ni pikipiki ya kwake. Lakini dada yake alikuwa anaweza kukaa. Alikuwa anakaa na kitabu mpaka miguu inakufa ganzi. Evarist aliona mtu wa hivyo kumkatisha ni ujinga, kama kumchinja ng'ombe anayetoa maziwa.

Baba yao, mzee Nikolausi, alipoambiwa alikaa juu ya gunia. Halafu akasema, "Gendabi tuna ng'ombe."

Watu wa huku hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Ugonjwa ukija, au ukame, unabaki huna kitu. Kwa hiyo unampelekea rafiki yako wa mbali wawili watatu, anawachunga, anakunywa maziwa, ndama wanabaki wako, na siku moja moja unamwachia ndama mmoja. Hakuna karatasi. Ng'ombe akifa, rafiki analeta ngozi. Unaiangalia, unalitambua baka, unampa pole, yameisha. Ngozi isipokuja, maana yake ni moja kati ya mbili: ng'ombe yuko hai, au rafiki yako ni mwizi.

Mzee Nikolausi alikuwa na watatu kwa Gidabuday, Mbarbaig wa Gendabi, chini ya mlima Hanang. Jike lenye baka jeupe ubavuni, dume lake, na mtamba, jike changa ambalo halijazaa. Mtamba alishaahidiwa Evarist, aanzie kununua pikipiki.

"Na lile tope lililoporomoka mlimani mwaka jana?" Evarist akauliza. "Si lilipita mpaka Gendabi?"

Baba akasema siku zile alipiga simu. Gidabuday alimwambia watu wa nyumba yake ni wazima. Kuhusu ng'ombe hakumuuliza. Watu wanazikwa, wewe unaulizaje ng'ombe? Na baada ya hapo siku zikapita, ikawa vibaya kuanza.

"Ngozi haijaja," mzee akasema. "Kwa hiyo wapo, wote watatu. Nenda, uza hapo Katesh mnadani, rudi na hela. Mtamba wako nitakulipa."

Evarist alijua hatalipwa. Akasema sawa.

Kesho yake asubuhi alimbeba Madam Kissa, mwalimu wa sekondari, kumpeleka shuleni. Madam Kissa alikuwa mtu wa Tukuyu, serikali ilimleta Dongobesh akiwa binti, sasa alikuwa mama wa watoto wawili na bado analalamikia baridi. Ludovika aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Walisimama sheli kuweka mafuta, na pale ukutani kulikuwa na ile karatasi ya bei ya mwezi, inayosema mwenye sheli asizidishe hapa.

Evarist akaionyesha kwa kidole. Akaanza. Mafuta yana bei kikomo. Nauli ya basi ina kikomo, imebandikwa karibu na dereva, konda akizidisha unamshtaki. Sasa chuo wanaamka asubuhi wanapandisha tu, kama wanauza karanga, na serikali ipo, inaangalia. Kwa nini isiwawekee kikomo?

Madam Kissa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kama anakumbuka wakati ule mafuta yalipopotea, hii hii sheli ilifunga pampu, watu wakawa wananunua kwenye chupa kwa bei ya wizi.

"Nakumbuka."

"Ukimwekea mtu bei asiyoiweza, anafunga pampu. Chuo nacho kitafunga darasa, au kitajaza watoto mia nane kwa mwalimu mmoja. Halafu huyo mfamasia aliyesomea nyuma ya watu mia nane aje akupe dawa wewe."

"Kwa hiyo Ludovika arudi kukata vitunguu."

"Sijasema hivyo. Serikali ikitaka ada ishuke, itoe hela yenyewe, iwape vyuo."

"Si itoe."

"Itatoa wapi, Evarist? Mimi mkopo wangu wa chuo mpaka leo nakatwa kwenye mshahara. Hata hiyo ni hela ya mtu." Akapanda pikipiki, akajifunga mtandio kichwani. "Kuna mtu analipa siku zote. Ugomvi ni nani."

Evarist alikasirika. Akamshusha getini bila kumsubiri atafute chenji.

Jumamosi akaondoka. Alipita Bashaneti, akashuka ukingo wa Dareda breki zinanuka, akafuata lami mpaka Katesh. Alipofika Jorodom mkono ukapunguza mwendo wenyewe. Mawe makubwa kama matrekta bado yamekaa kati ya nyumba, mahali ambapo jiwe halina sababu ya kuwepo. Watu walishayazoea. Mama mmoja alikuwa ameanika nguo juu ya moja. Evarist akakata kuelekea Gendabi.

Baba yake alimpa maelekezo: usitaje ng'ombe kwanza. Salimia, kaa, kunywa maziwa, uliza mvua, uliza malisho, sifia zizi. Ukilala hapo, vizuri zaidi. Asubuhi ndiyo useme.

Gidabuday alikuwa mzee mrefu, mkavu, shuka nyeusi begani. Evarist akampa shikamoo, akaitikia marahaba, akamuuliza baba yako mzima, akaitikia mzima. Binti yake Helena akaleta maziwa kwenye kibuyu. Alikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni, na hata wakati anamimina alikuwa na kalamu sikioni. Akauliza kama ni kweli dada Ludovika anasomea dawa. Evarist akasema kweli. Akauliza kama hesabu ni ngumu huko. Evarist akasema yeye hesabu aliyobakiza ni ya tajiri wa pikipiki. Helena akacheka, mzee hakucheka.

Na hapo Evarist, kibuyu hakijafika nusu, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, nimekuja kuchukua wale ng'ombe. Wote watatu. Ludovika ada imepanda."

Helena aliacha kucheka. Gidabuday aliangalia nje kwa muda, kama vile kuna mtu aliyemtegemea aje lakini siyo leo. Halafu akasimama, akachukua fimbo.

"Twende," akasema.

Zizini akamwonyesha mtamba. Mnene, mweusi, macho makubwa. "Huyu wenu. Ana mimba." Evarist akasubiri. Mzee akatoka zizini, akaendelea kutembea, akapanda naye kilima kidogo, akamshusha mpaka kwenye korongo. Korongo hili halikuwepo zamani. Lilichimbwa na tope lenyewe lilipokuwa linashuka mlimani na miti na mawe. Sasa limekauka, limepasuka, na nyasi zimeanza kuota juu yake.

Gidabuday akagusa chini kwa fimbo. "Wapo hapo."

Evarist hakuelewa mara moja.

"Jike na dume lake. Walikuwa wanalala huku chini. Huyu mdogo alikuwa anaumwa, nilimfunga karibu na nyumba." Akachokoa udongo kwa fimbo. "Nilichimba. Siku ya pili nilichimba, siku ya tatu nilichimba. Watu wakaja wakaniambia, sisi tunatafuta watoto, wewe unachimba ng'ombe? Nikaona aibu. Nikaacha, nikaenda kusaidia."

"Kwa nini hukupiga simu, mzee?"

"Nimwambie nini baba yako? Ng'ombe wako wamekufa, ngozi sina?" Akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Hivyo ndivyo mwizi anavyosema."

Evarist alikaa chini juu ya jiwe. Alikuwa na hasira na hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Ng'ombe mmoja hafikishi hata nusu ya nusu. Alipiga hesabu mara mbili ili kuwa na uhakika kwamba anajua, na alijua.

Walirudi zizini. Gidabuday akaingia, akatoa majike wawili, mmoja mwekundu, mwingine wa kijivu, akawafunga kamba mwenyewe. Akasema sheria ni sheria. Mtu asiye na ngozi analipa. Wachukue hawa pamoja na mtamba wenu, watatu kwa watatu, na umwambie baba yako Gidabuday siyo mwizi. Akamkabidhi Evarist kamba, akaenda kumtafuta kijana wa jirani wa kuwaswaga mpaka mnadani.

Evarist akabaki na kamba mbili mkononi. Alianza kupiga hesabu tena, na safari hii hesabu ilikubali. Ludovika anasajiliwa. Anapanda basi wiki ijayo na begi lake. Mambo yameisha.

Helena alikuwa amesimama penye geti la miiba.

"Kaka," akasema. "Huyo mwekundu anapiga teke. Usipite nyuma yake."

"Asante."

"Na huyo mwingine usimfunge karibu na mwenzake, hawapendani. Nawajua kwa sababu ni wangu. Baba aliniwekea, nikimaliza niende chuo cha uuguzi."

Evarist aliangalia kamba. "Unanililia?"

"Hapana. Nakuambia uwajue." Akageuka, akaingia ndani, na Evarist akasikia karatasi za daftari zinafunuliwa.

Alisimama pale mpaka yule mwekundu akachoka, akaanza kumvuta. Alikumbuka kisu cha Ludovika kinavyokata vitunguu ovyo. Akamkumbuka na Madam Kissa, na akamchukia kidogo. Kuna mtu analipa siku zote. Haya, huyu hapa, ana kalamu sikioni, amekaa nyuma ya ukuta wa udongo anasoma bailojia. Akawaza awachukue tu. Sheria iko upande wake, mzee mwenyewe ndiye aliyefunga kamba, hakuna mtu dunia nzima angemlaumu. Akawaza hivyo kwa nguvu zote, na bado miguu haikutoka.

Gidabuday aliporudi na kijana, aliwakuta ng'ombe wote wawili wameshafunguliwa, wanalamba chumvi ndani ya zizi.

"Mzee," Evarist akasema, "ngozi nimeziona."

"Ngozi gani?"

"Za wale wawili. Nimeziona, na baka jeupe nimeliona. Nitamwambia baba."

Gidabuday akatikisa kichwa. "Usimdanganye baba yako kwa ajili yangu."

"Siyo kwa ajili yako. Mtamba naye abaki, azalie hapa. Mmoja hatusaidii kitu."

Yule kijana wa jirani aliuliza kama safari ya mnadani ipo au haipo, na kama haipo, nani atamlipa muda wake. Gidabuday alimshika Evarist mkono, akaushikilia, kisha akasema maziwa yake hajayamaliza. Evarist akaingia ndani, akayamaliza.

Nyumbani alifika jua linaelekea kuzama. Walikuwa wote uani, baba, mama na Ludovika, na walipoona hana furaha, waliweka visu chini. Akasema yote kwa mkupuo, amesimama. Jike na dume walikufa kwenye tope. Mtamba yupo, ana mimba, amemwacha.

Mzee Nikolausi aliuliza neno moja tu.

"Ngozi?"

"Nimeziona."

"Za wote wawili?"

"Wote wawili. Na lile baka."

Baba alimwangalia mwanawe kwa muda, kama anavyoangalia meno ya ng'ombe wa mtu. Kisha akamwambia ampigie Gidabuday, aweke sauti kubwa. Simu ikapokelewa. Wazee wakasalimiana, wakaulizana watu, wakaulizana mvua, kila kitu kwa utaratibu wake. Ndipo mzee Nikolausi akasema, pole sana rafiki yangu kwa ng'ombe.

Upande wa pili ukasikika upepo tu. Halafu Gidabuday akasema asante, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kijana wako ana macho," akasema.

"Sana," baba akajibu. "Anaona mpaka chini ya tope."

Akakata simu, akamrudishia Evarist bila kumwangalia. Neno hilo hajalirudia mpaka leo. Lakini Ludovika alikuwa amesikia. Yeye hakuwa mtu wa kuambiwa kitu mara mbili. Akamfuata Evarist nyuma ya nyumba, alikokuwa anaosha pikipiki isiyo chafu.

"Alikupa wengine," akasema. "Alikupa, ukakataa."

Evarist akasugua rimu.

"Walikuwa wa nani?"

"Wa Helena. Wa chuo."

Evarist alitegemea Ludovika alie, au aseme umefanya vizuri, kaka. Alikuwa amejiandaa kwa yote mawili.

"Ulikuwa mwaka wangu, Evarist. Siyo wako kuugawa."

"Ulitaka niwachukue?"

"Sijui." Akaegemea ukuta. "Labda ningesema waache. Labda ningesema chukua, na ningejiona mbaya, lakini ningekuwa darasani. Ulikuwa na simu mfukoni. Nilitaka niulizwe."

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ndiyo hiyo sasa hatutaijua."

Akaondoka. Evarist akabaki na tambara mkononi. Akaanza kusugua rimu ile ile upya.

Wiki hiyo walijaribu. Mama aliongea na ndugu, Madam Kissa alipiga simu chuoni mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na akatoka ofisini kwake amenuna. Walimwambia bila nusu hakuna usajili, ila Ludovika anaweza kuahirisha mwaka, nafasi itunzwe, na ni lazima aje mwenyewe kusaini. Yaani atumie nauli kwenda kusema haji. Evarist alitegemea Madam atetee chuo kidogo, ili wagombane. Hakutetea. Alisema tu, "Bado naamini nilichokuambia. Lakini leo sina hamu nacho."

Siku ya kwenda kusaini Evarist alimpeleka Ludovika stendi ya Dongobesh alfajiri. Hakubeba begi kubwa, mkoba tu. Basi lilikuwa linaunguruma. Konda akataja nauli, na ilikuwa imezidi.

Bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya dereva. "Soma hapo, mwanangu."

"Bibi, mambo yamepanda."

"Yamepanda kwenye karatasi?"

Watu wakaanza kucheka. Mwingine akasema tumpige picha huyu, tumpeleke kwa wenyewe. Mwingine akasema konda ana haraka ya kuoa. Evarist, amesimama chini mlangoni, hata nauli siyo yake, akapaza sauti kuliko wote: soma, soma. Konda akatukana hewani, akapokea ile iliyoandikwa.

Ludovika akafungua dirisha. Tangu siku ile walikuwa hawajaongea vizuri.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Mwakani ada ikipanda tena?"

"Mtamba atakuwa amezaa. Na vitunguu vinaweza kupata bei."

"Sijakuuliza mtamba. Nimekuuliza ikipanda tena."

Dereva akapiga honi, basi likatoka, na Ludovika akawa anamwangalia bado, siyo kwa hasira, kwa kusubiri. Alisubiri mpaka kona.

Evarist alikaa juu ya pikipiki ya tajiri. Abiria wa kwanza akaja, akamwambia atafute mwingine. Akatoa simu akampigia Gidabuday, na baada ya shikamoo hakuuliza watu, hakuuliza mvua.

"Mtamba anakula?"

"Anakula," Gidabuday akasema. Akakohoa. "Helena anaanza mtihani Jumatatu."

"Mwambie asome."

"Anasoma. Taa haizimi. Mafuta ya taa yananimaliza."

Evarist akasema sawa, mzee. Akawasha pikipiki, akaenda kutafuta hesabu ya mtu.